Mguu wa Wifi

Wiki iliyopita tulimwacha Mzee kasimama mbele ya meza ya chakula, ufunguo wa kabati la kalibu unaning'inia kidoleni, na watoto wake wawili wameukodolea macho. Najua wapo wasomaji walionilaani kwa kuwaacha roho juu. Haya, tusicheleweshane.

Ufunguo alipewa Kitinda.

Bi Nta alikuwa ameshanyoosha mkono kuupokea, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Mkono wake ulikuwa hewani tayari, kiganja wazi, ikabidi aupeleke kwenye jagi la maji na kujifanya ana kiu. Akajimiminia mpaka glasi ikafurika na kitambaa cha meza kikalowa. Hakuna aliyemwona, kwa kuwa wote walikuwa wakimpigia makofi mdogo wake.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukaa nasi, sikiliza haraka haraka. Mzee ni fundi viatu aliyeanza na kibao kimoja barazani, sasa ana karakana ya vyumba viwili vilivyojaa mafundi. Bi Nta ni binti yake wa kwanza. Jina hilo alilipata utotoni, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipaka nta nyuzi za kushonea, na kwa sababu alimganda baba yake asimwachie. Kitinda ni mtoto wa mwisho, mwenye suruali zilizopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi zaidi. Alikwenda kusoma ng'ambo ya mpaka, akarudi na mke wa huko.

Na kalibu ni kile kipande cha mti chenye umbo la mguu, ambacho ngozi huvutwa juu yake mpaka iwe kiatu. Mzee alipoanza hakuwa na uwezo wa kununua kalibu za kiwandani, kwa hiyo alichonga miguu ya watu wake mwenyewe. Kalibu ya kike inayotumika hadi leo ni mguu wa Bi Nta, pamoja na kile kifundo chake kidogo kando ya kidole gumba. Wanawake wa mji mzima wamevaa mguu wake bila kujua. Anayeshika ufunguo wa kabati lile ndiye mwenye karakana.

"Tunavuka mpaka," Mzee alisema makofi yalipotulia. "Viatu vyetu vitauzwa ng'ambo, na Kitinda ndiye atakayetuvusha."

Hapo ndipo kijiba cha roho kilipomshika Bi Nta sawasawa. Maneno yale yalikuwa yake. Zamani, Kitinda akiwa bado anasoma, yeye ndiye aliyemwendea Mzee karakanani akiwa amekwisha kupata mteja wa ng'ambo. Mzee aliweka nyundo chini, akasema viatu vyake havivuki mpaka, na mazungumzo hayo yasirudiwe tena maishani mwake. Hakutoa sababu. Bi Nta aliyameza maneno yake na kurudi kwenye kiti chake cha kushonea, na leo yalikuwa yanatolewa mezani kama zawadi ya mtu mwingine.

"Baba," alisema, "mimi nilipokuambia hayohayo ulinikatalia."

"Wakati ule hatukuwa na mtu wa kutusemea huko," Mzee alijibu, akamwangalia mkaza mwanawe.

Mama, ambaye kwa kawaida hakosi la kusema, alianza kuondoa sahani zilizokuwa bado na chakula.

Wifi aliinamisha kichwa kwa heshima. Mrefu, mpole, sauti ya chini. Bi Nta siku zote alimtazama kuanzia miguuni, kama anavyowatazama watu wote, na alijua tangu siku ya kwanza kwamba mguu ule hauna kasoro. Ndiyo maana aliuchukia kabla hata hajamjua mwenyewe.

Kesho yake asubuhi Kitinda aliingia karakanani na ufunguo wake, akafungua kabati, akaanza kutoa kalibu za zamani na kuzitia kwenye gunia. Bi Nta aliuona mguu wake ukitumbukia humo, ukagongana na mguu wa marehemu shangazi yao. Mahali pake Kitinda aliweka jozi mpya ya mti mweupe, iliyochongwa kwa mashine.

Aliwatangazia mafundi kwamba viatu vya kike vya kupeleka ng'ambo vitashonewa juu ya kalibu hiyo. "Nimeupima mwenyewe," alisema. "Ni mguu wa mke wangu."

Mafundi walitazama sakafu. Mmoja alikohoa, na kile hakikuwa kikohozi.

"Mguu wangu umewavalisha watu wa hapa tangu wewe unatambaa," Bi Nta alimwambia.

"Ndiyo, Dada," Kitinda alisema bila ubaya wowote. "Wa hapa."

Maneno mawili tu, lakini yalimkata maini. Angemtukana ingekuwa afadhali, maana tusi angeweza kulirudisha.

Kisha, kana kwamba hayo hayatoshi, akamkabidhi kazi ya kushona kiatu cha mfano. Nani mwingine angekishona? Mnunuzi wa ng'ambo, mwanamke mwenye maduka mengi, alikuwa anakuja wiki hiyohiyo kuamua. Akikipenda, mlango umefunguka. Akikikataa, Kitinda atarudisha gunia kabatini na, Mungu akipenda, ufunguo pia. Bi Nta alilifikiria hilo la pili kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa dada mtu.

Mchana mafundi walipotoka kwenda kula, alibaki. Aliichukua kalibu ya mguu wa kulia wa Wifi, akaibana katikati ya magoti yake, akashika tupa.

Nisikufiche, msomaji. Alitaka kuiharibu. Alitaka Mnunuzi avae kiatu kile kimbane mpaka machozi yamtoke. Alianza kuipunguza pembeni, pale katikati ya mguu, na kila unga mweupe ulipodondoka kwenye aproni yake alijisikia vizuri. Haya, mguu mzuri, alikuwa akisema moyoni. Uzuri wako uko wapi sasa?

Shida ni kwamba mkono wake haukujua kufanya kazi mbaya. Roho iliuambia ukwangue ovyo, wenyewe ukafuata mkunjo wa mguu. Alipotaka kugusa sehemu ya vidole ukagoma. Mwisho akajikuta anapiga msasa kila upande mpaka mti ukang'aa, kwa hasira, kwa sababu hakuweza kuiacha na makwaruzo. Alishonea kiatu juu yake na kukiweka rafuni.

Ya kushoto hakuigusa. Kwa nini aiguse? Desturi ya karakana ile, tangu enzi za barazani, ni kwamba mteja mkubwa huonyeshwa kiatu cha kulia peke yake. Cha kushoto hushonwa baada ya kukubaliana, ili asije mtu akaondoka na jozi nzima kwapani na kwenda kuiigiza. Hakuna fundi pale ambaye angevunja desturi hiyo hata ndotoni.

Mnunuzi alifika akiwa amevaa viatu vilivyokwisha visigino, jambo lililowashangaza wote kwa mtu mwenye maduka ya viatu. Alipoona wanavitazama alisema kitu kwa lugha yake. Mzee akatabasamu. Kisha Wifi akatafsiri kwamba mgeni anasema yeye huuza vizuri na kuvaa vinavyobaki, na hapo wengine wote wakacheka.

Bi Nta aliona kwamba tabasamu la baba yake lilitangulia tafsiri. Akadhani ni adabu ya Mzee kwa wageni, akaliacha lipite. Alikuwa na mambo yake ya kungojea.

Mnunuzi alivua, akavaa kiatu cha kulia, akasimama. Alikwenda mpaka mlangoni na kurudi kwenye ile sakafu ya saruji. Bi Nta alimkazia macho usoni, akingoja ukunjamane.

Uso ukafunguka. Mnunuzi alikanyaga tena, akachuchumaa, akainuka, akaanza kusema mfululizo huku akijipiga paja.

Wifi alitafsiri kwamba viatu vyote anavyoletewa ama vinabana vidole ama vinachomoka kisiginoni, na wauzaji wake wanasimama kutwa nzima. Hiki kinashika katikati na kuviacha vidole vipumue. Hajawahi kuona umbo hili. Anataka kumjua aliyechonga kalibu yake, kwa sababu anataka mtu huyo aende ng'ambo akafungue karakana ya pili na kuisimamia, na kila kitakachotoka humo atakinunua yeye.

Kitu alichokililia Bi Nta miaka yote kilikuwa kimemdondokea mbele yake, na ili akiokote ilimbidi aseme alikipataje.

Kitinda hakungoja. Alikuwa amechanua mpaka masikioni. "Si hicho tu," alisema, na kutoka nyuma ya pazia akaleta kiatu cha kushoto.

Ndiyo, cha kushoto. Mkuu wetu mpya, kwa kiherehere cha kumfurahisha mgeni, alimwamuru fundi mwingine akishone kimyakimya, desturi akaitupa kule.

Mnunuzi akavaa, akakanyaga, na mguu ukaogelea ndani. Akajaribu tena. Akavivua vyote viwili, akavishika pamoja kwa nyayo, akavigeuza huku na huku, na furaha yote ikamtoka.

"Anasema viatu hivi si ndugu," Wifi alitafsiri taratibu.

Mzee aliomba aletewe kalibu zote mbili. Hakuzitazama sana. Alizipapasa kwa vidole gumba, ya kulia, ya kushoto, tena ya kulia.

"Hii imeguswa," alisema. "Nani kaigusa?"

Bi Nta alikuwa anafungua mdomo, sijui ili aseme kweli au uongo, na wala yeye hajui, sauti nyingine ilipomtangulia.

"Ni mimi, Baba," Wifi alisema. "Mguu huu wa mti ulikuwa umezidi wangu kidogo. Nikaupunguza."

Kitinda alishusha pumzi. Mafundi wakaangaliana. Na Bi Nta, aliyemtazama yule mwanamke miguuni siku zote, kwa mara ya kwanza alimtazama machoni, akaona mtu anayetaka kurudi kwao kwa hali yoyote ile. Alimwelewa, na hakumhurumia hata chembe.

"Vizuri, mkwe wangu," Mzee alisema. "Basi punguza na wa kushoto, mgeni aone." Akampa tupa.

Wifi akaishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa kisu cha jikoni kwa upande wa makali.

Hapa wewe na mimi tungenyamaza. Tungekaa pembeni, tukaacha Wifi akwangue, aharibu, aumbuke mwenyewe, nasi tungebaki wasafi. Bi Nta alilijua hilo. Lakini kuona mkono mwingine umeshika tupa yake, mbele ya baba yake, ukijitwalia kazi yake, kulimzidi nguvu. Ufunguo ulikwisha kwenda, mguu ulikwisha kwenda guniani, na sasa hata mkono.

"Iache," alisema, akamnyang'anya. "Hujui. Kazi hii niliifanya mimi."

Mzee alimgeukia. "Uliifanya ili iweje?"

"Ili kimbane." Sauti yake ilikuwa imara, ikamshangaza mwenyewe. "Ili mgeni aondoke na malengelenge, Kitinda aaibike, na wewe, Baba, ukumbuke kwamba una mtoto mwingine."

Kitinda alikaa juu ya lundo la ngozi bila kuangalia anakalia nini. Mama, aliyekuwa ameingia na sinia la chai, alisema "mwanangu" kwa sauti ya chini, mara moja tu. Kauli ya Bi Nta ilikuwa imeshatoka na haikuwa na namna ya kurudi.

Bi Nta aliibana kalibu ya kushoto magotini akaanza. Mti mweupe ulidondoka kama unga, mkono ukafuata mkunjo, na karakana nzima ikasikia tupa peke yake. Alipomaliza aliziunganisha kalibu mbili wayo kwa wayo, akampa Mnunuzi azipapase.

Wakati wote huo Wifi alikuwa akimsemesha mgeni kwa lugha yao, polepole, kwa adabu. Mnunuzi aliitikia kwa kichwa. Kisha akainuka, akaziweka kalibu mapajani mwa Mzee, amefurahi.

Bi Nta alijifuta unga kwenye aproni, akanyoosha mkono. Mnunuzi aliugusa upesi, kama unavyomshukuru mtu aliyekushikia mlango, akapita. Akaenda kumkumbatia Wifi.

"Anamshukuru fundi wetu," Wifi alitafsiri, macho yake yakiwa kwenye dirisha. "Anauliza mimi nitaweza kuondoka lini."

Ebu fikiria. Bi Nta alikuwa amejivua nguo mbele ya baba yake, mama yake, mdogo wake na mafundi wote. Kila sikio mle ndani lilisikia kwamba kazi ile ni yake, isipokuwa sikio moja, lile la mwenye maduka. Aibu aliipata yote, na ng'ambo ikachukuliwa na mwingine. Alimwonea Wifi gere mpaka macho yakaona giza, akauonea hata ulimi wake, kwa kuwa ulikuwa unajua lugha mbili.

Hapo Mzee akasema.

Hakupandisha sauti. Alikaa vilevile, kalibu zimo mapajani, akamsemesha Mnunuzi. Na alimsemesha kwa lugha ya Mnunuzi.

Haikuwa lugha ya kubabaisha ya mtu aliyeokota maneno sokoni. Maneno yalimtoka bila kusita, moja baada ya jingine, mzee huyu ambaye watoto wake hawakuwahi kusikia akisema hata salamu ya huko. Alimwonyesha Bi Nta kwa kidole. Alionyesha tupa. Alionyesha gunia. Wifi akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa kabati.

Mnunuzi alimtazama Wifi, kisha akaitazama mikono ya Bi Nta iliyojaa unga, akaijia. Safari hii aliishika yote miwili.

Kwa kitambo kidogo Bi Nta alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuijua. Baba yake alikuwa amemsemea. Amemvusha kwa mdomo wake mwenyewe, na si Kitinda.

Kisha kijiba cha roho kikamrudia, kikubwa kuliko mwanzo. Lugha ile aliipata wapi? Miaka yote aliyomkatalia asivuke mpaka, kumbe yeye alishavuka. Alikuwa na maisha huko, na hakummegea hata kipande, yeye aliyempakia nyuzi nta tangu hajui kuvaa viatu. Alikuwa na wivu na nchi nzima.

Mnunuzi naye alikuwa amegeuka. Kuna kitu katika matamshi ya Mzee kilichomvuta. Alimsogelea, akainama, akamchunguza uso kama mtu anayesoma saa kwenye giza, akamuuliza swali fupi.

Kalibu moja ilimponyoka Mzee mapajani ikagonga sakafu. Hakuiokota. Alimtazama Mama.

Mama akachukua sinia lake, vikombe vikiwa bado vimejaa, hakuna aliyekunywa, akatoka nje bila kufunga mlango.

"Baba, kauliza nini?" Kitinda alisema. Mzee akatikisa kichwa. Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yake, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, naye, ukiwaacha Mzee na mgeni, ndiye mtu pekee mle ndani aliyeelewa.

Bi Nta alisimama katikati ya karakana. Karakana ya ng'ambo ilikuwa yake sasa, ameipata, na hakuifikiria hata kidogo. Alivuka sakafu hadi kabatini.

"Wifi yangu," alisema, kwa mara ya kwanza tangu yule mwanamke aingie nyumba ile. "Nakuomba. Amemuuliza nini baba yangu?"